Msizime Redio kwa Jina Langu

Kuna sentensi moja hunipandisha mori kila nikiisoma. Huwa iko kwa karibu kila tangazo la shirika la habari la nje linapofunga mitambo yake ya masafa mafupi: wasikilizaji wamehamia mtandaoni, hasa vijana.

Hasa vijana. Yaani mimi na wewe. Mtu amekaa ofisini huko Ulaya ama Marekani, anataka kupunguza bili ya umeme, na sababu anayoandika ni sisi. Wewe uliulizwa? Mimi sikuulizwa.

Nimeamua kuandika hii kitu kwa sababu ya zile komenti mlinirushia juu ya video ya waya. Kwa wale hamkuona, nilikuwa juu ya paa la ploti usiku, katikati ya kamba za nguo, na redio ndogo na waya wa shaba wa mita 10, nikinasa stesheni ya Romania. Komenti zikaja: "Buda, hiyo ni mambo ya guka." "Si ufungue tu apu." "Bando imeisha ama?" Mmoja akaniuliza kama niko sawa kichwani. Niko sawa, asante. Sasa kaeni tuongee.

Kwanza tuelewane tunaongea kuhusu nini, maana wengi wenu mnadhani redio ni FM na imeishia hapo. Nenda kwa shosho yako, angalia ile redio yake ya betri za paka. Kuna swichi imeandikwa FM, MW, halafu SW, saa zingine SW1 na SW2. Hiyo SW ndiyo masafa mafupi, na ndiyo swichi hakuna mtu wa rika letu amewahi kugusa. Mawimbi ya FM yanaenda kama mwanga wa tochi: mlima ukiingia katikati, yamekwisha. Ndiyo maana ukishuka Mai Mahiu na matatu, stesheni ya Nairobi inaanza kukwaruza. Ya masafa mafupi yanapanda juu, yanakutana na tabaka la hewa linaloitwa ionosfia, ambalo jua limelijaza chembe zenye umeme, na yanapindwa kurudi chini maelfu ya kilomita mbali na yalikotoka. Yanaweza kugonga ardhi na kupanda tena. Kwa hivyo sauti inatoka Bucharest na kutua Zimmerman bila setilaiti, bila kebo ya baharini, bila mnara, bila laini ya simu, bila mtu yeyote wa kati wa kulipwa ama kuombwa ruhusa.

Shika hilo la mtu wa kati. Ndilo limeniweka hapa.

Wale wanaopenda kuwinda stesheni za mbali huita hii kitu DX, ni kifupi cha zamani cha waendesha telegrafu, maana yake umbali. Na kuwinda ndilo neno lenyewe, kwa sababu stesheni haikuji kwako. Usiku unatafuta chini, kwa mita 49 na mita 41, karibu 6000 na 7300 kHz. Mchana masafa hayo yanamezwa na tabaka la chini la hewa, kwa hivyo unapanda juu kwa mita 19 na 16, kuanzia 15000 kHz kwenda mbele. Mita 31 inafanya kazi karibu saa zote, anza hapo. Halafu kuna jua lenyewe, ambalo lina msimu wa miaka 11 hivi wa kuchangamka na kutulia. Oktoba 2024 wanasayansi wa NASA na NOAA walitangaza limefika kileleni. Jua likichangamka, masafa ya juu yanabeba sauti mbali zaidi. Yaani tumepata bahati ya msimu mzuri na tunautumia kuangalia watu wakifungua maboksi ya viatu.

Adui mkubwa si umbali, ni jirani. Taa za LED za bei rahisi, chaja za mia moja, ruta ya waifai, zote zinatoa kelele kwenye masafa haya. Ndani ya bedsita yangu sisikii kitu, ni kama nyuki wamefungiwa kwa sufuria. Ndiyo maana napanda juu ya paa. Na niwaambie siri moja: stima ikipotea mtaa mzima, nyinyi mkipiga kelele "aaah!", mimi ndiyo nakimbia ngazi. Hizo ndizo dakika tamu zaidi za mwezi. Mtaa umenyamaza kiumeme, na dunia yote imesogea karibu.

Ukinasa stesheni, unaandika tarehe, saa za UTC (toa 3 kwa saa zetu, kwa hivyo saa mbili usiku ni 1700), masafa, kile ulichosikia, na alama za SINPO, kutoka 1 hadi 5: nguvu ya sauti, mwingiliano, kelele, kupwa na kujaa kwa mawimbi, na hali ya jumla. Unawatumia ripoti. Wakithibitisha kwamba kweli ulisikia, wanakutumia kadi, inaitwa QSL. Radio Romania International bado wanatuma. Yangu ilikuja kwa sanduku la posta la kanisa la shosho, kwa sababu mimi kama wengi wenu sina anwani, niko tu na pini ya ramani. Shosho aliishika akauliza Romania wananijuaje. Nikamwambia niliwasikia nikawaandikia. Aliielewa haraka kuliko nyinyi wa komenti.

Niliacha kampasi mwaka wa pili, mnajua hiyo stori, karo na mengine. Lakini ionosfia nilifundishwa kule. Ilikuwa mchoro ubaoni, mistari mitatu, tunakili, tunasahau baada ya mtihani. Hakuna aliyetuambia unaweza kuisikia kwa masikio yako kwa redio ya mkono wa pili. Yangu nilinunua 1,500 kwa fundi, na waya ulikuwa wa bure.

Na hapa kuna aibu moja ya kwetu. Zanzibar, kwa miaka mingi, redio ya serikali imekuwa ikirusha Kiswahili kwenye 11735 kHz. Kwa wawindaji wa Ulaya, Japani na Marekani hiyo ni dhahabu. Wazee wa watu wanangoja gizani Finland wasikie taarabu ikipanda na kushuka kama mawimbi ya bahari, wanarekodi, wanaweka mtandaoni, wanajivunia. Hawaelewi hata neno moja. Sisi tunaoelewa kila neno hatujui kama kitu kama hicho kilikuwepo.

Sawa, ni hobi tamu, utasema, endelea nayo, lakini kwa nini hasira? Kwa sababu ya swichi, na nani ameishika.

Tukumbuke vitu tumeviona kwa macho yetu. 25 Juni 2024, watu wakiwa barabarani kukataa Mswada wa Fedha, mtandao ukashuka nchi hii. Tukaambiwa ni kebo za chini ya bahari. Mwaka mmoja baadaye, 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ikaagiza TV na redio ziache kurusha maandamano moja kwa moja, na vituo kadhaa vikazimwa hewani mpaka Mahakama Kuu ikaingilia. Uganda, Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, mtandao ulizimwa siku tano hivi. Tanzania, 29 Oktoba 2025, siku ya kura, ukazimwa tena kwa siku kadhaa. Nina watu wa familia upande ule wa mpaka. Zile siku tulikuwa tunatuma ujumbe na unabaki na tiki moja. Tiki moja, asubuhi. Tiki moja, usiku. Unaangalia simu ya elfu ishirini ikiwa imegeuka kuwa kioo cha kujiangalia uso.

Sasa nisikilizeni vizuri. Deutsche Welle ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka wa 1963. Ilijenga Kigali kituo cha kurushia matangazo, transmita 4, kila moja kilowati 250, hapa hapa katikati yetu. Kituo hicho kilifungwa Machi 2015. Dunia imehamia mtandaoni, si ndiyo? Miaka 10 baadaye nchi yenye Waswahili wengi kuliko zote ikazimiwa huo mtandao.

"Lakini hizo idhaa ziko kwa FM za hapa." Ndiyo, ziko, mpaka siku barua itakapoandikwa. Mei 2018, siku chache kabla ya kura ya maoni, Burundi iliwasimamisha BBC na VOA kwa miezi 6. Machi mwaka uliofuata ikafuta kabisa leseni ya BBC. FM iko ndani ya nchi, ina leseni ya nchi, ina mlingoti ambao askari anaweza kuuendea na pikipiki. Redio ya masafa mafupi inatoka mahali ambapo huyo wa kuandika barua hana mamlaka.

Kitu anaweza kufanya ni kupiga kelele juu yake. Na hapa ndipo penye utamu. Kuvuruga masafa mafupi ni kazi ngumu: lazima nawe uwe na mitambo, uchome umeme, ufuate kila masafa mapya. Na ukishafanya hivyo, kila mtu anakusikia ukifanya. Machi 2010 Meles Zenawi, waziri mkuu wa Ethiopia wakati ule, alisema hadharani kwamba angeruhusu matangazo ya VOA ya Kiamhari yavurugwe. China wana yao, wawindaji wanaiita Firedrake, ni muziki wa ngoma na ala za asili unaozungushwa saa nzima juu ya stesheni wasiyoitaka. Ukiikuta unajua papo hapo: kuna mtu hapa hataki nisikie kitu. Linganisha na algoridhimu. Video yako ikifichwa hakuna ngoma inapigwa. Hakuna kelele. Unaona tu namba zimeshuka, unafikiria labda taa ilikuwa mbaya, labda ulikosea saa ya kuposti. Mimi nalipwa na hiyo algoridhimu, kidogo, kwa kuchelewa, kwa hivyo najua ninachosema. Nachagua kelele ya Firedrake siku yoyote.

Sasa rudi kwa hao wa "hasa vijana". BBC ilianza redio ya Kiarabu mwaka wa 1938. Ikaifunga 27 Januari 2023, baada ya miaka 85, sababu ni zilezile, pesa na dijitali. Chini ya miezi 3 baadaye, 15 Aprili, vita vikalipuka Sudan. Mei hiyo hiyo BBC ikarudi haraka na huduma ya dharura ya Kiarabu kwa Wasudani, nusu saa mara mbili kwa siku. Kwa njia gani? Masafa mafupi. Mwaka mmoja kabla, Machi 2022, Urusi ilipovamia Ukraine, walirudisha masafa mafupi kule, habari za Kiingereza saa 4 kwa siku. Manze, hiyo ndiyo inaniumiza. Wanajua. Wanajua vizuri kabisa kile kinachobaki kikisimama wakati minara imelala. Wanakizima siku za amani, wanakikimbilia siku za mabomu, na katikati wanatuambia sisi ndio hatukitaki.

VOA nao, wa tangu 1942. Machi 2025 serikali ya Trump ikatuma wafanyakazi likizo ya lazima na sauti ikakatika. Hapo hata hawakutusingizia sisi, shukrani.

Mnajua kwa nini ni rahisi kuizima? Kwa sababu haihesabiki. Apu inajua uliifungua saa ngapi, ukiwa wapi, ukaacha sekunde ya ngapi. Mhasibu anapenda hivyo, anaweka kwa chati. Mtu wa masafa mafupi yuko gizani na waya wake, haachi alama yoyote. Stesheni haijui kama ni watu elfu kumi ama milioni kumi. Kwa hivyo kwenye mkutano wa bajeti sisi ni sifuri. Lakini hebu geuza hiyo kitu uiangalie upande wa pili: kama shirika lenyewe haliwezi kujua unasikiliza, basi serikali yako pia haiwezi, kampuni ya simu haiwezi, muuza matangazo hawezi. Hakuna akaunti. Hakuna namba ya kitambulisho nyuma ya laini. Katika maisha yangu yote sina kitu kingine ninachotumia ambacho hakinitazami.

Wakoloni waliielewa hii kabla yetu. Mwaka wa 1954, Kenya ikiwa ndani ya Hali ya Hatari, Redio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili kuja huku, ikiwachana Waingereza bila adabu. Waingereza walikasirika kweli kweli, na hawangeweza kumkamata msikilizaji kwa kuangalia simu yake. BBC ilianza Kiswahili mwaka wa 1957. Uchina mwaka wa 1961. Wote walikuwa wanapigania sikio la mtu wa hapa. Hiyo ndiyo "mambo ya guka" mnayocheka. Guka alikuwa anapiganiwa na dunia nzima. Wewe unapiganiwa na kampuni za kubeti.

Najua jibu linalokuja: hizo zote ni propaganda. Ni kweli, na sitazipaka rangi. Cairo ilikuwa na yake, London ina yake, Beijing ina yake mpaka leo. Lakini kwa masafa mafupi kila mtu anataja jina lake mwanzoni mwa kipindi. Unamsikia Mchina akieleza jambo, unazungusha sentimita mbili unamsikia Mjapani akieleza jambo hilo hilo kana kwamba ni sayari nyingine, na wewe ndiye unabaki kufikiria. Akili yako inafanya kazi ambayo simu imekuzoesha kufanyiwa. Na msiniletee mfano wa RTLM ya Rwanda 1994, ile ilikuwa FM, ya ndani, ya watu wa ndani.

Jibu la pili ni la pesa, na hili ni zito zaidi. Transmita ya kilowati 250 inakula umeme vibaya, vipuri ni ghali, mafundi wanazeeka. Sawa. Sisemi warudishe masafa 20 saa 24. Nasema kila shirika linalojiita la dunia, lenye idhaa ya Kiswahili, libaki na saa moja asubuhi na saa moja usiku, kwenye masafa yasiyobadilika, mitambo iwe hai na watu wajue pa kuipata. Huduma ya dharura haianzishwi siku ya dharura, kwa sababu siku hiyo hakuna njia ya kumwambia mtu masafa ni yapi. Utamtumia wapi? WhatsApp?

Na sisi pia tuna upande wetu. Siku wakisema vijana hawasikilizi, kuwe na ripoti mezani kwao zinazosema tunasikiliza. Ripoti za kusikia ndiyo hesabu pekee hiyo redio inayo. Kadi ya Romania nilipata kwa barua pepe moja ya mistari sita. Hebu fikiria elfu moja kutoka Nairobi, Mombasa na Kisumu, zote zimeandikwa na watu wa miaka ishirini na kitu.

Kama huna redio na unataka tu kuonja, Chuo Kikuu cha Twente kule Uholanzi wameweka kipokezi chao wazi kwa mtandao tangu 2008. Inaitwa WebSDR, unazungusha mwenyewe kwa simu, bure. Ndiyo, inakula bando, na ndiyo, ni kichekesho kusikiliza masafa mafupi kwa mtandao baada ya yote nimesema. Ingia usiku, nenda 4625 kHz, kuna stesheni ya Warusi inalia tu "bzzz, bzzz" mwaka baada ya mwaka. Usiniulize ni ya nini. Ukisikia mtu akiongea katikati ya huo mlio, piga skrini unitumie.

Lakini redio halisi ni bora. Wikendi hii mkienda mashambani, angalieni kabatini, juu ya friji, chini ya kitanda cha shosho. Muombeni vizuri, msichukue tu. Tafuta swichi ya SW, weka betri mpya, toka nje mbali na nyumba yenye taa, anza na mita 31, kati ya 9400 na 9900 kHz, zungusha polepole kama mtu anayefungua sefu. Andika saa, masafa na lugha hata kama hujaielewa. Nirushieni kwa komenti, nitatengeneza orodha moja ya yote yaliyosikika kutoka kaunti zote, na nitaituma London, Bonn na Beijing na majina ya mitaa yetu juu yake. Wa kwanza kunasa Zanzibar namnunulia waya.